Kanda za Mingoyo na Nakala ya Kilwa

Ndugu msikilizaji, historia ya Kilwa tuliyofundishwa shuleni, ile ya masultani waliojinasibisha na Shirazi na ya dhahabu ya Sofala, haikutufikia kutoka Kilwa. Ilitufikia kutoka Zanzibar, London na Lisbon. Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na ile karatasi ya kwanza aliyoishika mwandishi haipo tena. Tulicho nacho ni nakala. Nakala hiyo iliandikwa Zanzibar mwaka 1877, Sultani Barghash akampa Sir John Kirk, balozi wa Waingereza, naye akaipeleka kwao. Mwaka 1895 Arthur Strong akaichapa katika jarida la wataalamu wa mambo ya Mashariki, na hadi leo imo katika maktaba ya taifa la Uingereza.

Iko na njia ya pili. Mwezi Julai 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliingia Kilwa, wakateka na kupora. Habari za masultani wa Kilwa zikafika Ureno, na João de Barros akazitia katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1552. Ukizilinganisha hizi mbili, ya Kiarabu na ya Kireno, utaona zinapatana katika mengi na kugombana katika majina na miaka. Na hiyo ya Kiarabu ina jambo moja ambalo kila nikilisoma hunikera: mwandishi anaahidi mwanzoni kwamba kitabu kitakuwa na sura kumi, lakini nakala inakoma kwenye sura ya saba. Sura tatu hazipo.

Yaani, msikilizaji, historia ya mji uliofua sarafu zake wenyewe imenusurika kwa sababu mtu fulani alikaa chini Zanzibar akanakili, na nakala ikalala mbali na mahali ilipoandikwa asili yake. Laiti ingebaki Kilwa peke yake, leo tungekuwa na magofu ya Husuni Kubwa na msikiti mkuu, na majina machache tu ya watu wa kuyapa uhai.

Nayasema haya kwa sababu majuzi nilikuwa Mingoyo. Wanaosafiri kusini wanapajua. Ndipo ilipo njia panda ya Mnazi Mmoja, ukitoka Lindi mjini, ambapo basi la Mtwara linashika njia yake na la Masasi linashika yake, na wauza korosho na madafu wanakukimbilia dirishani kabla gari halijasimama sawasawa. Nyumba ya pili kutoka kituo cha bodaboda anaishi mwalimu mstaafu ambaye ameniomba nisimtaje jina. Tangu mwaka 1983 mwalimu huyu amekuwa akiwarekodi wazee. Alianza na redio kaseti ya betri sita, akitembea Mtama, Nyangao, Sudi, hadi Kilwa Kivinje. Anazo kanda 180, kila moja ya dakika 60.

Ndani ya kanda hizo wamo watu waliosimuliwa Maji Maji na baba zao waliokuwa vitani mwaka 1905. Wamo waliokata mkonge. Wamo waliojenga reli ya karanga, ile iliyoanzia bandari ndogo ya Mkwaya, hapo hapo jirani na Mingoyo, kwenda Nachingwea. Na hapa niruhusu kando kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walijenga reli hiyo, kisha bandari ya maji marefu ya Mtwara, kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Mpango ukaachwa mwaka 1951, bandari ikafunguliwa mwaka 1954, na reli ikafungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Njia ilikuwa pana na mzigo haukuwapo. Leo mwalimu wa Mingoyo ana mzigo mzito, na njia yake ni nyembamba kama uzi.

Mzigo wenyewe ni huu. Kanda za kaseti haziishi milele. Ukungu wa pwani unazila, utepe unanata, na redio za kuzichezea zinakwisha. Kwa hiyo mjukuu wake, kijana aliyesomea kompyuta Mtwara, amezihamisha zote kuingia kwenye kompyuta. Hakuzihamisha kwa ule mtindo wa nyimbo za simu unaokata sauti ili faili liwe dogo. Amefuata kiwango kinachotumiwa na wahifadhi wa sauti duniani, ambacho saa moja ya mazungumzo inachukua takriban gigabaiti moja. Kanda 180 kwa hiyo zimefikia karibu gigabaiti 190, ukijumlisha na picha za majalada na daftari la majina. Zote zimo ndani ya kompyuta moja, juu ya meza moja, chini ya bati moja.

Mwalimu alipoliona hilo usingizi ulimruka. "Mwanangu," aliniambia, "zamani zilikuwa kanda 180. Mwizi angeiba mbili, tatu. Sasa akiingia anachukua wazee wote kwa mkono mmoja."

Wakaamua kuzipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, hii inayoitwa wingu. Jina hili la wingu limewapotosha wengi. Hakuna kitu juu angani. Ni kompyuta nyingi sana, zimepangwa kwenye majengo makubwa yenye umeme wa uhakika na mashine za kupoza hewa, mara nyingi katika nchi za watu, na wewe unapangishwa nafasi humo. Unachokipeleka kinasafiri kutoka simu au kompyuta yako hadi mnara, kutoka mnara hadi mkongo wa nchi kavu, na kama hifadhi iko ng'ambo kinaendelea hadi waya uliolazwa chini ya bahari.

Waya wa bahari si mgeni pwani hii. Zanzibar iliunganishwa kwa waya wa simu ya maandishi mwaka 1879, tangu enzi ya Barghash huyo huyo. Lakini waya wa kupitisha intaneti ulifika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, ule wa SEACOM, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, na waliofanya kazi maofisini siku zile wanakumbuka kutuma barua yenye picha moja kisha kwenda kunywa chai.

Basi tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo inayotoa siri ya jambo hili. Bando unauziwa kwa baiti, kasi unatangaziwa kwa biti, na baiti moja ni biti nane. Wengi hawaambiwi hivyo. Mjukuu alipima kasi ya kupandisha, si ya kushusha, kwa sababu mitandao mingi hutoa nafasi kubwa kwa anayeshusha na ndogo kwa anayepandisha. Wenye mitandao wanajua kwamba watu wengi ni watazamaji. Mchana, Mingoyo, alipata megabiti 2 kwa sekunde. Gigabaiti 190 kwa kasi hiyo ni karibu siku tisa mfululizo, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika. Usiku wa manane, watu wakilala, kasi inapanda hadi megabiti 5. Hapo ni saa 84. Bando lake la usiku linaanza saa 6 usiku na kwisha saa 12 asubuhi, kwa hiyo ni saa sita kila siku. Gawanya mwenyewe: siku 14 za kukesha, kama umeme utakuwepo, kama mnara utakuwa mzima, kama mvua haitanyesha.

Alipojaribu mara ya kwanza alitumia njia ya kawaida, ya kufungua ukurasa na kuburuta faili ndani. Faili moja kubwa, kanda zote zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Likafika asilimia 70. Mtandao ukayumba kidogo tu, kama kope inavyopepesa, na likarudi sifuri. Usiku wa pili likafika 40. Bando limeliwa, hakuna kilichofika.

Sasa, ndugu msikilizaji, nataka nikukumbushe kwamba mkoa huu huu wa Lindi uliwahi kukabili tatizo hili hili, na ukalitatua vizuri kuliko ule ukurasa wa intaneti. Kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, mwendo wa kilomita 60 hivi, kuna kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin likapeleka wataalamu, Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Wachimbaji, wasimamizi na wapagazi walikuwa watu wa kwetu, mamia kwa mamia, na msimamizi mkuu wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la Australodocus bohetii kwa heshima ya mzee huyo, karibu miaka mia moja baada ya kazi yake. Bora kuchelewa.

Walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale yenye uzito wa zaidi ya tani 200 pamoja na vifungashio. Hakukuwa na reli, hakukuwa na barabara ya gari, na punda na farasi huko hawakudumu kwa sababu ya mbung'o. Njia ilikuwa moja: kichwa cha mwanadamu, siku nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mpagazi hubeba kilo 30 hivi. Gawanya tani 200 kwa kilo 30 upate mizigo zaidi ya 6,000.

Walifanyaje? Mfupa mkubwa ulivunjwa kwa mpangilio au ulitolewa vipande kama ulivyovunjika ardhini. Kila kipande kilipewa herufi ya shimo lake na namba yake, kikafungwa kwa plasta na mianzi, kikaandikwa daftarini. Mpagazi mmoja akiumwa njiani, mzigo wake unasubiri. Mizigo mingine inaendelea. Hakuna aliyesema, kwa kuwa kipande cha 500 kimekwama, basi vyote 499 virudi Tendaguru kuanza upya. Kule Berlin walipokea, wakalinganisha na daftari, wakajua kipi kimefika na kipi bado. Mwaka 1937 wakasimamisha mmoja wa wanyama hao, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na amesimama hadi leo. Kiini cha mnyama huyo wanakiita S II, na herufi hiyo ni ile ile ya shimo lake la Tendaguru.

Programu nzuri za kupandisha mafaili makubwa zinafanya kazi hiyo hiyo ya Boheti. Zinakata faili vipande vidogo, kila kipande na namba yake. Kipande kikifika, upande wa pili unajibu kwamba kimefika. Mtandao ukikatika, programu inasubiri, kisha inaendelea na kipande kilichofuata, hairudi mwanzo. Na kabla ya safari programu inapiga hesabu juu ya faili zima na kupata alama moja ndefu ya herufi na tarakimu. Upande wa pili nao unapiga hesabu hiyo hiyo, na zikilingana unajua kwamba hakuna hata biti moja iliyodondoka njiani. Daftari la Tendaguru, lakini la kompyuta.

Kijana akapata programu ya namna hiyo, haina malipo. Akaziacha kanda kila moja faili lake badala ya kuzifunga pamoja. Kisha akazibana kwa mtindo wa FLAC, ambao unapunguza ukubwa bila kutupa chochote cha sauti. Ukifungua unapata ile ile ya kwanza, kama nguo iliyokunjwa na kukunjuliwa. Kwa kuwa kanda nyingi ni mtu mmoja anayeongea na kunyamaza, gigabaiti 190 zikashuka hadi 90 na kitu. Siku 14 zikawa saba. Akaiwekea programu saa ya kuanza na saa ya kulala, mwalimu akaacha kukesha. Wakaanza na kanda ambazo msimuliaji wake amekwisha kufariki. Hilo lilikuwa wazo la mwalimu, na naliona ni la busara kupita programu zote.

Kuna watakaoniuliza: kwa nini taabu yote hii, wakati basi linapita mlangoni? Ni swali zuri. Diski ya nje yenye kanda zote, ukimpa mtu wa basi Mingoyo asubuhi, jioni iko Dar es Salaam. Chukua saa kumi za safari, ugawanye gigabaiti 190, utaona kwamba basi hilo linasafirisha kwa kasi ya megabiti 42 kwa sekunde. Hakuna mtandao Mingoyo unaoshindana nalo. Mwaka 2009 kampuni moja ya Afrika Kusini ilimfunga njiwa kadi yenye gigabaiti 4 mguuni, kutoka Howick hadi Durban. Njiwa aliruka kwa saa moja na dakika chache. Hata ukiongeza muda wa kuinakili kadi ile kwenye kompyuta, jumla haikuzidi saa mbili na dakika saba, na intaneti ya ofisi ilikuwa imepeleka asilimia 4 tu. Watu walicheka, lakini njiwa alishinda kihalali.

Nami nilimshauri mwalimu diski iende na basi pia. Ila nasema "pia," sisemi "badala." Kumbuka Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule kilikuja kimbunga Hidaya, mvua zikaharibu barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakalala njiani kwa siku kadhaa. Kabla watu hawajamaliza kusimulia hayo, tarehe 12 Mei nyaya za EASSy na SEACOM zikakatika baharini kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikabaki na intaneti ya kuhesabu. Kwa muda wa majuma mawili tu, mtu wa kusini alinyang'anywa basi na waya. Aliyekuwa na nakala moja mahali pamoja alikuwa anacheza bahati nasibu.

Wataalamu wana kanuni yao: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Mbali maana yake mbali hasa. Si chumba cha pili cha nyumba ile ile. Usiku wa Aprili 1944 ndege za Waingereza ziliupiga mji wa Munich, na mifupa ya Spinosaurus, mnyama wa kale aliyechimbwa Misri, ikateketea. Ilikuwa ndiyo mifupa pekee ya utambulisho wake. Zilibaki picha na michoro.

Lakini lipo jambo linalonitia wasiwasi kuliko kasi ya mtandao, na nilimwambia mwalimu bila kuzunguka. Nakala ya Kilwa iko London. Mifupa ya Tendaguru iko Berlin, na mjadala wa kuirudisha umefika mpaka bungeni bila kuirudisha. Vyote viwili vimesalimika, tushukuru. Lakini mwanafunzi wa Kilwa Masoko au wa Lindi akitaka kuviona anahitaji viza. Sauti za wazee wa Mingoyo nazo zikilala kwenye kompyuta za ng'ambo peke yake, ufunguo unashikwa na nani? Hifadhi ile inalipiwa kila mwezi. Malipo yakisimama, baada ya muda fulani wenye nyumba wanasafisha chumba. Mwalimu ana miaka 74. Neno la siri analijua yeye na mjukuu, na kijana anatafuta kazi Dodoma.

Mwalimu alinisikiliza, kisha akainuka akaleta daftari la jalada gumu. Neno la siri alikuwa ameliandika ukurasa wa kwanza, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni.

"Nani humu ndani anasoma hizi?" nikamuuliza.

Mjukuu akacheka. "Babu peke yake."

Tulikaa hadi alasiri tukapanga. Wingu libaki, kwa kuwa liko mbali na mvua za Lindi. Diski ya kwanza ibaki Mingoyo, ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Diski ya pili iende na basi kwa binti yake Dar es Salaam, na kila mwaka ichomekwe na kukaguliwa, kwa sababu diski inayolala kabatini miaka kumi inaweza kuamka bubu. Nakala nyingine apewe mwenye maktaba katika nchi yetu atakayekubali kwa maandishi kwamba mtu wa Mingoyo ataruhusiwa kusikiliza. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya simulizi za Maji Maji, na kazi yao inasomwa na watafiti hadi leo kwa kuwa iliwekwa mahali penye mlango wa wazi. Daftari la majina, lisilozidi ukubwa wa picha moja ya simu, lipelekwe kwa watu wengi iwezekanavyo, maana sauti isiyo na jina la msemaji na kijiji chake ni sauti ya mtu apitaye njia. Na neno la siri liandikwe upya kwa herufi ambazo binti anazisoma.

Hilo la mwisho mwalimu alilipinga kidogo. Alisema herufi za Kiarabu ndizo zilizoihifadhi Kilwa. Nikamwambia ni kweli, ila Kilwa alikuwapo wa kuzinakili.

Usiku ule nililala kwake. Saa 6 taa ndogo ya kompyuta ikaanza kupepesa yenyewe. Alfajiri kijana akasoma orodha: bibi mmoja wa Sudi amefika, mzee wa Mtama amefika, fundi reli wa Mkwaya amekwama kipande cha 31 na ataendelea usiku. Zilikuwa zimebaki kanda 61.